Kola za Makokha

Shirere, Kakamega

Mama yangu,

Kabla hujavaa miwani ukakimbilia ukurasa wa mwisho kutafuta kama narudi au sirudi, tulia kwanza tusalimiane. Hujambo, mama? Goti lako linasemaje na baridi ya huko Wundanyi? Yule ng'ombe mwenye doa usoni amezaa, au bado mnamtazama tu? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Mvua ya hapa inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa, na hata hiyo nimeizoea.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Nikipiga, nusu ya maneno yangu huyasikii, nusu nyingine unaikatiza, halafu unampa kaka, kaka anampa mkewe, na mwisho nazungumza na mtu ambaye sikumpigia. Karatasi haikatizwi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo najua utasoma mpaka mwisho hata ukikasirika. Na utakasirika, mama. Jiandae.

Mara ya mwisho uliniambia nifungashe nguo zangu nirudi, kwa kuwa Makokha ameshazikwa na sina hata mtoto wa kunifunga huku. Ukaongeza kwamba yale matambara niyaache, watu wasije wakasema mjane wa Kakamega amerudi na gunia la viraka. Sikukujibu siku ile. Nilikuwa nimebanwa na mambo ambayo sikuwahi kukueleza, na nataka uyasikie kutoka kwangu, si kutoka kwa watu wa njiani.

Kazi yangu haijabadilika. Bado niko kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi mjini, nauza misumari, mabati na rangi, na wateja wakipungua natoa kitabu chini ya kaunta. Tajiri wangu alikuwa akinuna. Siku hizi ameacha, maana amegundua kwamba mtu anayesoma hasinzii. Jioni napanda kuelekea Shirere, nawasha jiko, nakula, kisha natandaza vitambaa mezani. Hiyo ndiyo raha yangu. Kuna wanaokunywa, kuna wanaocheza karata, mimi nasoma na nashona mablanketi ya viraka. Nasoma ukurasa, nashona mstari, na kitabu kisijifunge nakikandamiza kwa pasi iliyopoa. Kamusi inayaita mablanketi haya mifarishi. Wapangaji wenzangu, ambao wengi ni wanafunzi, wanayaita matambara ya Mama Taita.

Kila mtu ana ushauri kuhusu matambara hayo. Mke wa mchungaji alikuja kunipa pole, akashika pindo la moja, akauliza nauza bei gani. Nikamwambia siuzi. Akanieleza kwa upole jinsi watalii wanaokuja msituni wangeyagombania, jinsi ningeweza kuyapiga picha nikayatangaza kwenye simu, na kwamba Mungu hampi mtu kipaji ili akae nacho kitandani. Nikamwambia mimi nakaa nacho kitandani, na kina joto. Alicheka lakini hajarudi. Mama, nimechoka na watu wasioweza kumwona mtu akifurahia kitu bila kukitafutia bei. Misumari ndiyo ninayouza. Viraka nashona.

Makokha hakuniuliza hivyo hata siku moja. Ulimwona mara chache, kwa hiyo hukumjua vizuri, na mimi nilikuwa mvivu wa kukusimulia nikidhani muda upo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Trela za miwa zikivunjika ndiye aliyeziunga, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vya cheche kifuani, hata yale ya kanisani, kwa sababu hakuweza kupita kando ya kazi bila kuishika. Kusoma hakupenda. Kusomewa alipenda sana. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anapiga pasi mishono niliyoshona jana yake, kwa ile pasi ya makaa aliyopewa na mama yake. Mishono ya viraka isipolazwa kwa pasi, blanketi zima hukunjamana, na mkono wake ulikuwa mzito na mtulivu. Mimi nikipiga pasi naunguza. Kasoro yake ilikuwa kwamba akimaliza hukaa kitini ili, kwa maneno yake, asikilize vizuri, na baada ya kurasa chache anakoroma. Ukimwamsha anakataa katakata kwamba alilala, halafu anakuomba urudie kuanzia mahali pa mbali kabisa.

Kitabu cha mwisho tulichokuwa tukisoma hakina jalada. Nilikinunua kwa yule mzee anayetandaza vitabu juu ya gunia karibu na soko, na mpaka leo sijui kinaitwaje. Kinahusu mama mmoja aliyefungua mkahawa na ndugu zake wanaomwonea gere. Tulifika pale moto unapozuka jikoni. Wiki hiyohiyo Makokha akaanza kukohoa, na mapafu yakamshinda upesi kuliko tulivyodhani. Niliweka kipande cha kitambaa kwenye ukurasa ule, nikafunga.

Baada ya mazishi kule kwao Malava nilirudi Shirere. Nilipofungua sanduku la mashati yake sikuweza kulifunga tena. Basi nikachukua mkasi. Nilikata migongo, nikakata vifua. Kola sikuzitumia, wala zile ncha za mikono zenye vifungo, kwa sababu kitambaa chake ni kinene na sindano hugoma. Hizo nilizitia kwenye beseni, nikalisukuma chini ya meza. Vitundu vya cheche sikuviziba. Nilivizungushia uzi mwekundu kimoja kimoja, na kwa chini nikaweka kitambaa cha manjano ili kionekane. Katikati nikalaza blanketi letu kuukuu, nyuma shuka, nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, nikaanza kushona kwa mkono. Nililia nikishona, sitaki kukudanganya. Lakini nilishona.

Ambacho sikukijua ni kwamba watu wa hapa wana siku ya kugawa nguo. Mtu akizikwa, nguo zake hukaa mpaka ukoo ukutane, na mzee wa kikao huzigawa. Koti litakwenda kwa ndugu, shati kwa mpwa, kofia kwa baba mdogo, ili kila mmoja aondoke na kitu kilichomgusa marehemu. Mpaka siku hiyo ifike hakuna anayezishika. Mimi hakuna aliyeniambia. Kila mmoja alidhani ninajua, maana hapa hata mtoto anajua. Mimi nilijua tu kwamba yalikuwa mashati ya mume wangu. Na nikikwambia ukweli, ningejua mapema ningeyakata mapema zaidi.

Shiundu, ndugu yake Makokha anayemfuata, alikuja Jumamosi kunijulisha siku ya kikao na kuchukua sanduku. Alikuta blanketi limetandazwa mezani. Shiundu si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Makokha alipozidiwa ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Aliligusa, akaviona vile vitundu, akaelewa. Akakaa chini bila kukaribishwa.

“Mulamwa,” akasema, na ndivyo wanavyomwita shemeji, “nguo ya mtu amekufa haikatwangi na makasi. Sasa watoto wa dada yetu watapata nini? Tutawaambia aje?”

Nikamwambia sikujua. Akasema kutojua si kosa, lakini sasa nimejua, basi nifumue. Kila kipande kitoke, kifungwe, kipelekwe Malava kikagawanywe. Kisha akasema lile ambalo nadhani lilikuwa limemkaa moyoni tangu zamani. Mjane anayeishi peke yake katikati ya wanafunzi, anayesoma vitabu vya hadithi hata udongo wa kaburi haujakauka, watu hawajui kama yupo au ameshaondoka. Nichague moja. Nihamie kwenye boma lao, au nirudi kwetu. Kwa vyovyote vile, blanketi lifumuliwe.

Ukiangalia vizuri, mama, wewe na yeye mlikuwa mnasema jambo moja. Nyote mlikuwa mmeshanipangia mahali pa kwenda, na nyote mlikuwa mmeamua kwamba viraka visije. Hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nikamwambia kikao nitakuja, na mikono mitupu siji, lakini hautatoka hata uzi mmoja. Akaondoka bila kunywa chai. Huku hilo ni tusi kubwa, nami nililipokea.

Usidhani sikuogopa. Ukoo ukikuona umeuma mkono uliokupokea, hakuna atakayekusalimu, na kaburi la Makokha liko ndani ya boma lao. Ningelitembeleaje? Nilijua pia kwamba nikiamua kufumua naweza, na ipo saa ambayo niliushika mkasi kabisa, nikautia chini ya mshono wa kwanza. Nilipojisogeza kutafuta mwanga mguu wangu ukagonga lile beseni. Nikautoa mkasi, nikawasha pasi.

Kikao kilikuwa uani kwa mama mkwe, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, kuku wanachemka jikoni. Baba mdogo wa Makokha ndiye aliyeongoza, mzee mkavu anayesema kidogo. Alipoagiza nguo ziletwe, nikainuka na beseni langu. Juu nilikuwa nimeweka koti la suti, ambalo sikulikata, pamoja na kofia. Chini yake kulikuwa na kola zote na ncha zote za mikono, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Kola moja tu sikuifua. Nikasimama mbele yao, nikasema polepole.

“Wazee, mashati ya Makokha niliyakata kabla ya kuambiwa kwamba hayakatwi. Siyafumui. Mgongo na kifua ni vyangu, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikilala. Shingo na mikono ni yenu. Hizi hapa.”

Nyuma kuna mwanamke aliyeguna. Baba mdogo akainama, akachukua kola moja, akaigeuzageuza kama mtu anayekagua mahindi kama yamekauka. Akamtazama Shiundu, kisha akanitazama mimi. Nilijua akiitupa chini nimekwisha, sitakanyaga tena boma lile, na huenda blanketi wakalifuata mpaka Shirere. Huku mke wa mtoto hamtazami mzee machoni. Mimi nilimtazama.

“Huyu mtoto wa mbali ametuletea kitu kidogo,” akasema mwishowe, “lakini ameleta ya kila mtu. Mimi nimeonanga mjane akificha koti mzima. Gaweni.”

Basi zikagawanywa. Koti likaenda kwa Shiundu, kofia kwa mzee mwenyewe. Wapwa wakapata ncha za mikono, na mmoja wao, ambaye ni mchomeleaji kama mjomba wake, akaifunga yake kwenye kifundo cha mkono palepale. Wako waliocheka, wako walionuna, na shangazi mmoja akatangaza kwamba tangu azaliwe hajawahi kurithi kola isiyo na shati. Hata hivyo aliichukua. Mama mkwe alipewa ile moja ambayo sikuifua, yenye mstari wa jasho shingoni. Aliinusa. Kisha akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaingia ndani, wala hakutoka tena kula na watu.

Shiundu alilivaa lile koti lakini hakunisemesha. Mpaka leo hanisemeshi sana. Sijamwomba radhi, naye hajaniomba, na tunaishi.

Nilidhani yamekwisha. Jumapili iliyofuata nikasikia hodi mlangoni, nikafungua nikamkuta mama mkwe. Alikuwa amesafiri peke yake kutoka Malava, akiwa amemkumbatia kuku chini ya kwapa. Nikajua amekuja kunisuta mbali na macho ya watu, nikamkaribisha huku nimekaza shingo. Akakataa kiti kwanza. Akaomba aone blanketi.

Nililitandaza. Akalipitia lote akiweka kidole kwenye kila kitundu, na kuna vingine alivijua, akaniambia kile ni cha siku alipounga geti la kanisa, na kile ni cha lori la mwalimu fulani. Akauliza lile shati la buluu alilovaa siku ya mahari liko wapi, nikamwonyesha. Hapo ndipo alipokaa. Akafungua pindo la leso, akaitoa kola.

“Nalalanga nayo, lakini inapoteanga kwa kitanda,” akasema. “Ishone hapa juu, karibu na uso. Na ukienda kwenu, hii blanketi inabaki na mimi.”

“Siendi, mama,” nikamwambia.

Lilinitoka hivyo, kabla sijalitafakari, na nilipolisikia nikajua ni kweli. Wewe ni wa pili kuambiwa. Ndiyo maana nakuandikia.

Niliishona kola palepale mbele yake. Sindano iligoma kama kawaida yake, ikanichoma, nikaendelea. Yeye wakati huo alikuwa akipekuapekua meza, akakiona kile kitabu kisicho na jalada, akauliza, “Hii inasemanga nini?” Nilipomaliza kushona nikakifungua kwenye kile kipande cha kitambaa. Nikaona kwamba kuanzia motoni si haki kwa mtu asiyeujua mkahawa, basi nikarudi ukurasa wa kwanza, nikamsomea kwa sauti. Sikuwa nimesoma kwa sauti tangu Makokha. Hatukuwa tumekwenda mbali, nikasikia mtu anakoroma. Nilipomwamsha akasema hakulala, alikuwa anasikiliza tu, hebu nirudie. Nikacheka mpaka nikalia, naye akawa ananiuliza kwani hadithi imefika mahali pa kuchekesha.

Kwa hiyo sirudi, mama. Nitakuja kukuona, nitakaa, nitakukanda hilo goti na kukuandalia chai, lakini kuja si kuhama. Mwambie kaka asinitengee chumba, aweke mahindi yake. Boma la Malava nalo sihamii, nimeshamwambia mama mkwe, naye amesema atakuwa anakuja yeye, maana anataka kujua kama mkahawa utaungua. Nakaa Shirere katika chumba changu, na misumari yangu mchana, na vitabu na viraka vyangu jioni. Wanaojua kusoma na kushona peke yao bila kumkosea mtu ni wengi duniani, na hakuna anayewafumua. Kwa nini nifumuliwe mimi?

Na siku nikija nitakuja na gunia la viraka. Nitalibeba mchana kweupe, nikatize nalo katikati ya stendi, na wale watakaosema waseme. Wakikuuliza mjane wa Kakamega anafanya nini huko, waambie anasoma na anashona. Wakiuliza kwa faida gani, waambie hujui. Hata mimi sijui, na wala sijakaa chini kutafuta.

Najua utalia kidogo, kisha utavaa miwani tena usome upya ukitafuta mahali ambapo nimesita. Hutapaona. Ukitaka kunigombeza niandikie. Usipige simu, maana utampa kaka.

Nisalimie kaka na mkewe, na uwaambie wasinune kwa kuwa nimewasema hapo juu. Nisalimie shangazi wa dukani, yule anayeuza vitambaa kwa mita. Mwambie mabaki asitupe, nayataka. Msalimie mwalimu wangu mstaafu aliyeniazima kitabu cha kwanza, na umwambie kwamba bado ninacho na bado sina nia ya kukirudisha. Jirani anayekukamulia ng'ombe mwambie asante, na kwamba ndama akiwa jike nataka nimpe jina mimi.

Kuhusu baridi usinionee huruma. Asubuhi za huku ukungu huteremka kutoka msituni mpaka dirishani, na mara nyingi nikiamka nakuta blanketi limeteleza mpaka miguuni. Huwa sifanyi haraka. Naishika ile kola, naivuta juu, kama nilivyokuwa nikimvuta mwenyewe alipotaka kutoka bila kunywa chai. Zamani alikuwa akinishinda nguvu. Siku hizi anakuja.

Mimi binti yako, niliyeko mbali kwa hiari yangu,

Wakesho